Skaneri ya mtoto: tusikimbie, tuulize



Juma lililopita, kisha mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alituita pembeni. Mtoto wake wa miaka 6 alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wa avoka, akatapika mara nyingi, kisha akawa analala usingizi usio wa kawaida. Muganga akaomba skaneri ya kichwa. Jirani akamwambia mama: "Ile mashini inachoma ubongo, usikubali." Mama akakaa siku mbili nyumbani bila kuamua. Mtoto amepona, Mungu asifiwe, lakini siku zile mbili zingeweza kumwua. Ndiyo sababu leo tunaongea juu ya skaneri.

Skaneri ni ndugu ya radio, lakini haipigi foto moja tu. Mashini inazunguka kichwa na kupitisha mionzi kutoka pande nyingi, kisha ordinatere inaunganisha vivuli vyote kuwa picha ya ndani. Kwa hiyo mionzi yake inapita ile ya radio ya kifua mara nyingi. Skaneri moja ya kichwa inaleta karibu milisiverti 2. Ni karibu sawa na mionzi ambayo kila mtu anapokea kwa mwaka mzima kutoka udongo, mawe na anga.

Haichomi ubongo, wala haibaki mwilini: mashini ikizimwa, mionzi imekwisha. Hatari iliyopo ni ndogo, nayo ni kuongeza kidogo uwezekano wa kansa miaka mingi mbele. Lakini mtoto angali anakomaa na ana miaka mingi ya kuishi. Asipewe zaidi ya ile inayohitajika.

Sasa mtauliza: kwa nini wasipunguze tu? Kwa sababu mionzi ikipungua, picha inajaa chengachenga, kama foto iliyopigwa usiku kwa mwangaza wa taa ndogo. Kwa njia ya zamani, kusudi chenga zipungue nusu, ilibidi kuongeza mionzi mara 4.

Hapo hesabu ikasaidia. Sisi walimu tunamwambia mwanafunzi: ukimaliza kugawanya, zidisha tena uone kama unarudia namba ya kwanza. Programu mpya zinafanya vile vile. Ordinatere inatunga picha, inahesabu picha ile ingetoa vivuli gani, inalinganisha na vivuli ambavyo mashini ilipima kweli, inasahihisha, inarudia. Chenga zinapungua, na mionzi kidogo inatosha. Lakini anayepepeta kwa nguvu sana anarusha mchele pamoja na pumba: picha ikisafishwa kupita kiasi, alama ndogo ya ugonjwa inaweza kupotea. Kwa hiyo mionzi haipunguzwi bila mpaka.

Mashini nyingi za zamani hazina programu hizo. Hata hivyo kuna jambo linalowezekana popote. Mwaka 2008, waganga wa mionzi wa Marekani walianzisha kampeni inayoitwa Image Gently, kwa sababu watoto walikuwa wakipimwa mara nyingi kwa kipimo cha watu wazima. Fundisho lake ni rahisi: kipimo kifuate ukubwa wa mtoto, ipigwe sehemu inayohitajika tu, tena mara moja ikitosha.

Basi, muganga akiomba skaneri, tuulize kwa heshima:

1. Skaneri itasaidia kuamua nini? Kama ni tumbo, ekografi haiwezi kutosha?
2. Mashini itawekwa kwa kipimo cha mtoto?
3. Picha za zamani tulizotunza zinaweza kusaidia?

Na mama mwenye mimba aseme mbele ya kuingia pamoja na mtoto.

Muganga mwema hakasirikie maulizo. Lakini mtoto akigonga kichwa, akatapika tena na tena, akapatwa na degedege ao akawa mgumu kuamka, tusingoje kesho. Twende mbio lopitali, na maulizo tuyaulize pale pale.

Tuonane juma lijalo.