Jina la biashara yako mtandaoni: nani ana haki ya kulichukua kwanza?

WAKAZI wa muda mrefu wa Sinza, jijini Dar es Salaam, hawahitaji kufundishwa habari ya kugombea viwanja. Eneo lao lilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Walengwa walikuwa wananchi wa kipato kidogo, lakini sehemu ya viwanja hivyo ikaishia kwa watu wenye uwezo mkubwa zaidi.

Siku hizi kuna viwanja vingine vinavyogawiwa, navyo havionekani kwa macho. Ni majina ya intaneti, yale yanayoishia na .co.tz, .com au .africa, ambayo mteja huyaandika ili aifikie tovuti ya mfanyabiashara. Chini ya kiishio kimoja jina ni la mtu mmoja tu duniani kote. Akishalichukua mwingine, huna pa kusimama.

Kila kiishio kipya kinapofunguliwa, ICANN, chombo chenye makao Marekani kinachosimamia majina hayo, hutaka wenye alama za biashara zilizosajiliwa wapewe nafasi ya kwanza kwa muda usiopungua siku 30. Umma husubiri. Ndivyo ilivyokuwa kwa .africa mwaka 2017: walianza wenye alama, wakafuata waliokuwa tayari kulipa bei ya juu, na ilipofika Julai ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kila mtu.

Mchukulie mama anayefungasha unga wa lishe Sinza Mori na kuuza kwa jina la Neema. Jina amelisajili Brela, leseni anayo, kodi analipa, na wateja wanamfahamu kwa jina hilo. Je, ana nafasi katika foleni ile ya kwanza?

Hana. Alichosajili ni jina la biashara, na kinachotakiwa ni alama ya biashara. Ni vitu viwili tofauti, japo vyote husajiliwa Brela, na wafanyabiashara wadogo wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa wamechelewa. Tena alama yenyewe haitoshi. Ni lazima iingizwe kwenye daftari la kimataifa la Trademark Clearinghouse, ambalo lilipoanzishwa lilitoza hadi Dola 150 za Marekani kwa alama moja kwa mwaka. Kwa kampuni kubwa ya vinywaji hizo ni fedha za chai. Kwa mfungashaji wa unga ni mahindi ya magunia kadhaa.

Utaratibu huu una sababu yake, na si vyema kuubeza. Miaka ya 1990 walijitokeza wajanja waliosajili majina ya kampuni za watu kisha wakawauzia wenyewe kwa bei ya kukomoa. Mwaka 1999 ICANN ikaweka njia ya kuwashitaki bila kwenda mahakamani, lakini ada ya shauri moja mbele ya msuluhishi mmoja wa shirika la WIPO ni Dola 1,500. Kumzuia mwizi mlangoni ni nafuu kuliko kumfukuza akishaingia.

Tatizo ni kwamba foleni hii inaangalia karatasi. Haiulizi wateja wanamjua nani. Umoja wa Ulaya uliliona hilo ulipofungua .eu kuanzia Desemba 2005. Kampuni moja ya Austria ilisajili nchini Sweden alama yenye herufi za neno la Kijerumani la matairi, ikachomeka alama ya & kati ya herufi na herufi, na kudai kuwa ni ya mikanda ya usalama ya magari. Kanuni ziliruhusu & hizo kuondolewa, hivyo kampuni ikajipatia reifen.eu mbele ya wauza matairi wote wa Ulaya. Ilibidi Mahakama ya Ulaya itoe uamuzi mwaka 2010 kuhusu mazingira yanayoonyesha nia mbaya. Mtu akifanya hivyo hivyo kwa neno korosho au karafuu, mkulima wa Newala au Pemba ana mwanasheria gani wa kumpeleka huko?

Hata bila hila, madai halali hugongana. Kilimanjaro ni bia, ni maji ya chupa, ni kahawa ya wakulima ambao chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kinatoka miaka ya 1930, na kabla ya vyote hivyo ni mlima. Alama ya bia na alama ya maji zinaweza kukaa pamoja bila ugomvi kwa sababu bidhaa ni tofauti. Katika intaneti hakuna nafasi ya wawili.

Wapo wanaosema dawa ni anayewahi ndiye apewe. Mwaka 2012 ICANN ilijaribu kupanga foleni ya waombaji wa viishio vipya kwa shindano la kubonyeza kompyuta karibu kabisa na sekunde iliyochaguliwa. Walalamikaji wakasema wenye mitambo ya kasi watawashinda wengine, shindano likafutwa, na Desemba mwaka huo ikachezeshwa bahati nasibu mjini Los Angeles kwa tiketi za Dola 100. Aliyewahi kusubiri ukurasa ufunguke kwenye intaneti kafe ya Shekilango umeme ukicheza anaelewa malalamiko yale.

Ipo mifano yenye unafuu. Wale wale wa .eu, Februari 2006, walifungua awamu ya pili iliyotambua majina ya biashara ya kawaida, miezi miwili kabla ya umma. Uingereza nayo, ilipoanza kutoa majina mafupi ya .uk Juni 2014, iliwawekea wenye .co.uk haki ya kuchukua jina lile lile kwa miaka mitano. Hapo aliyekuwa akilitumia jina hakuhitaji alama wala daftari la kigeni.

Kwa .tz, sajili iliundwa mwaka 2006 kwa ubia wa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, ikawa na ofisi Kijitonyama, jirani kabisa na Sinza. Ni hapa nyumbani ambapo mfano wa Uingereza ungewezekana kwa urahisi, kwa sababu kumbukumbu za wenye .co.tz na za majina ya Brela zote ziko ndani ya nchi.

Kwa mama wa Sinza Mori, jina la .co.tz ni la kuchukuliwa sasa, wala si siku tovuti itakapokuwa tayari. Alama ya biashara ya Brela hudumu miaka saba kabla ya kuhuishwa, lakini inaishia Tanzania Bara. Akitaka kuuza unga wake Unguja kwa jina hilo hilo, huko kuna sheria na msajili mwingine, na maombi huanza upya.