Mkuki kwa Nguruwe

Wapo wasomi, na wapo wengine wasio wasomi ila wana sauti kubwa, wanaotuambia kwamba dola yenye makabila mengi haina budi kuvunjika. Ushahidi wao huutoa Ulaya. Itazameni Austria, husema: Wajerumani, Wahangari, Wacheki, Wapoland, Waromania, Waslovakia, Waserbia na Wakroatia, wote chini ya Kaisari mmoja, na mwaka 1918 ikasambaratika. Basi watu wa lugha mbalimbali hawakai nyumba moja. Mimi nasema hoja hiyo ni ya kivivu, tena ni ya hatari kwa kila aishiye katika nchi yenye makabila mengi. Austria haikuuawa na wingi wa lugha. Iliuawa na watu waliopigania haki, wakaipata, kisha wakamnyima jirani.

Tuanze na mwaka 1848. Mwezi wa Machi vijana wa Kihangari wa mji wa Pest waliingia barabarani wakidai uhuru wa magazeti na serikali yao wenyewe, badala ya kuamriwa kila jambo kutoka Vienna. Msemaji mkuu wa Wahangari alikuwa Lajos Kossuth, mwanasheria na mwandishi wa magazeti, ambaye alikwisha kufungwa jela kwa ajili ya maandishi yake. Madai yao yalikuwa ya haki, na sheria walizozipitisha mwezi uliofuata ziliwaondolea wakulima kazi ya lazima katika mashamba ya makabaila. Tuwape haki yao: walikuwa mashujaa.

Lakini ndani ya ufalme wa Hungaria Wahangari wenyewe hawakufika nusu ya watu. Mwezi Mei mwaka ule ule Waromania walikusanyika kwa maelfu katika mji wa Blaj, Waserbia wakakutana Sremski Karlovci, Waslovakia nao wakaandika madai yao. Walitaka nini? Lugha yao isomeshwe shuleni na isikiwe mahakamani, nao watambuliwe kuwa ni taifa mojawapo la nchi ile. Hayo hasa ndiyo Wahangari waliyoyataka kwa Wajerumani wa Vienna! Jibu walilopewa ni kwamba kila mtu atakuwa raia huru, ila taifa nchini Hungaria ni moja tu, nalo ni la Wahangari.

Matokeo yake hayakukawia. Septemba jeshi la Wakroatia likiongozwa na Josip Jelačić lilivuka mto Drava kuwapiga Wahangari. Waromania wakapanda milimani na Avram Iancu. Vienna, iliyokuwa taabani, ilijikuta imepata askari wa bure kwa hasira za wale waliokataliwa. Mwaka uliofuata Mfalme wa Urusi, Nicholas wa Kwanza, akaongeza jeshi lake kubwa. Ndipo tarehe 28 Julai 1849, bunge la Wahangari likiwa limekimbilia Szeged, likapitisha sheria ya kuyapa makabila mengine haki ya kutumia lugha zao. Ilikuwa sheria njema, miongoni mwa za kwanza za namna yake Ulaya nzima. Siku 16 baadaye jeshi la Hungaria lilisalimu amri pale Világos.

Haki ile ingetolewa mwezi Mei 1848, ingegharimu nini? Karatasi na wino. Ilipotolewa chini ya mizinga, aliyepewa hakuiona kuwa ni haki. Aliiona kuwa ni kilio cha mtu anayezama. Tuwe macho na viongozi wanaosema, tupate kwanza sisi, wengine watafikiriwa baadaye. Baadaye hiyo ndiyo iliyowazika Wahangari wa 1849.

Mtu angedhani wamejifunza. Mwaka 1867, baada ya Austria kupigwa na Prussia, Kaisari Franz Joseph aligawana madaraka nao, wakawa na bunge na mawaziri wao Budapest. Mwaka 1868 wakatunga sheria nyingine ya makabila, ukiisoma utaisifu. Ilibaki kwenye karatasi. Kati ya 1874 na 1875 shule tatu za sekondari za Waslovakia zilifungwa, na chama chao cha utamaduni, Matica slovenská, kikafungwa pia. Haki ya kupiga kura waliipata watu kama 6 tu katika kila 100. Mwaka 1907 waziri wa elimu, Albert Apponyi, alitoa sheria ya kwamba mtoto asiye Mhangari, amalizapo mwaka wake wa nne shuleni, awe anaweza kueleza mawazo yake kwa Kihangari, kwa kusema na kwa kuandika. Mtoto wa mchunga kondoo wa milimani, ambaye hajawahi kumsikia Mhangari akinunua hata chumvi!

Mwaka huo huo ilitokea habari ya Černová. Ni kijiji cha Waslovakia karibu na Ružomberok. Watu wake walijenga kanisa kwa fedha zao, wakataka litabarukiwe na padri aliyezaliwa pale pale, Andrej Hlinka. Padri huyo alikuwa amesimamishwa na askofu wake na kuhukumiwa kifungo kwa siasa za kuwatetea watu wake. Wanakijiji wakaomba shughuli ingoje. Hawakusikilizwa. Tarehe 27 Oktoba magari ya farasi yakaja na mapadri wengine, na askari wenye bunduki. Watu wakaziba njia. Askari wakafyatua risasi. Watu 15 wakafa. Waliopelekwa mahakamani kisha wakafungwa ni wanakijiji.

Wajerumani wa upande wa Austria hawakuwa bora sana. Mwaka 1897 Waziri Mkuu Badeni aliagiza makarani wa serikali huko Bohemia wajue Kicheki na Kijerumani pia. Mcheki aliyesoma alikwisha kuzijua lugha zote mbili. Mjerumani ndiye aliyetakiwa kujifunza, naye akakasirika. Mbunge mmoja, Dokta Lecher, alihutubia saa 12 mfululizo ili shughuli za bunge zikwame, na Badeni akaanguka.

Hata hivyo yapo mambo yanayowaumbua wale wanaosema haikuwezekana. Katika jeshi la dola amri za gwaride, kama maneno 80, zilikuwa za Kijerumani; lakini ofisa alilazimika kujifunza lugha ya askari wake, na jeshi hilo lilidumu miaka mingi. Huko Moravia, mwaka 1905, Wacheki na Wajerumani walikubaliana kila upande uwe na daftari lake la wapiga kura na viti vyake, wakaacha kugombania kila kiti. Watu wale wale, dola ile ile. Kilichopungua kwingine ni nia.

Vita Kuu ya Kwanza ikielekea mwisho, Kaisari Karl, mrithi wa Franz Joseph, alitangaza kuigeuza Austria kuwa shirikisho la mataifa tarehe 16 Oktoba 1918. Nchi za Hungaria hazikuguswa, maana Budapest ilikataa mpaka dakika ile. Siku 12 baadaye Prague ilijitangazia uhuru, na Wakroatia, Waslovakia na Waromania wakafuata njia zao.

Mwezi Januari 1920 washindi wa vita waliwaita Wahangari Paris wawaonyeshe mipaka mipya. Nchi yao ilikuwa ikatwe thuluthi mbili, na Wahangari zaidi ya milioni tatu wabaki chini ya serikali za jirani zao, wao sasa wakiwa ndio wachache. Kiongozi wa ujumbe alikuwa mzee Apponyi, yule yule wa sheria ya shule. Alisimama mbele ya wakubwa wa dunia akaomba watu wa kila jimbo waulizwe wenyewe wanataka kuwa upande gani. Aliyasema hayo kwa Kifaransa, akarudia kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiitaliano, maana Kihangari hakuna mle chumbani ambaye angekisikiliza.