Annexe, Lubumbashi: kusema wanajua, kuandika njo shida

Jioni, umeme ukiisha kukatika, kijana wa humanites katika komini Annexe anaweza kusimama mbele ya wazazi wake na kueleza kwa nini familia isinunue kiwanja fulani. Karatasi za kiwanja haziko sawa. Muuzaji aliisha kukiuzisha kwa mtu mwingine. Jirani mmoja alipoteza pesa zake vile vile mwaka jana. Kwa hiyo, afazali kungoja. Wazazi wanamsikiliza, na pengine wanafuata shauri lake.

Kesho yake, kwenye kalasi, mwalimu anamuomba kijana huyo huyo aandike mistari kumi juu ya faida na hatari za simu kwa vijana. Anaandika mistari mitatu, anarudilia wazo lile lile kwa maneno mengine, kisha anafunga daftari. Jana usiku alikuwa na wazo, sababu, mfano na neno la mwisho. Leo mbele ya karatasi nyeupe, vyote vimepotea.

Walimu wengi wa Kifaransa wanajua hali hiyo, si katika Annexe tu. Kutoka Bunia hadi Kalemie, kutoka Kindu hadi Likasi, mtoto anajifunza kubishana kwa Kiswahili nyumbani, na siku ya mtihani anaombwa kupanga mawazo kwa Kifaransa. Wakati mwingi watu wanasema: "Kifaransa njo kinawashinda." Ni kweli kwa sehemu. Lakini kuna jambo lingine ambalo shule inaweza kutengeneza bila kungoja Kinshasa.

Mtihani wenye sura mbili

Mtihani wa Serikali, ule watu wanaita Exetat, uko na sehemu mbili zisizofanana. Katika hors-session, mbele ya mtihani mkubwa, mwanafunzi anaandika disertasyo kwa Kifaransa. Kisha, katika sesyo ya kawaida, kila swali linakuja na majibu yaliyoisha kuandikwa, na yeye anachagua moja.

Mpango huo unaathiri kazi ya mwaka muzima. Kwa sababu majibu ya kuchagua yanabeba masomo mengi, shule zinatumia saa nyingi kuzoeza wanafunzi kuchagua. Kuandika kunasukumwa mpaka juma za mwisho. Hapo wengine wanakariri utangulizi uliotengenezwa na mtu mwingine, wakitumaini kwamba utafaa kwa kila swali. Mwenye kusahihisha anaona mara moja: utangulizi unaongea juu ya jambo moja, na swali liliuliza lingine.

Tena, disertasyo inafundishwa kwa majina matatu: introduction, développement, conclusion. Mwanafunzi anayakumbuka vizuri. Lakini ile sehemu ya katikati imejengwa kwa paragrafu, na hakuna anayemfungulia paragrafu moja ili aone ndani yake kuna nini. Ni kama kumwambia fundi mwanafunzi kwamba nyumba iko na msingi, kuta na paa, bila kumwonyesha namna ya kupanga tofali.

Paragrafu moja, kazi nne

Paragrafu ya kuchambua jambo iko na kazi nne: kutoa wazo moja, kueleza sababu, kuonyesha mfano, na kusema mfano huo unatufikisha wapi.

Tuseme somo ni makala, jambo ambalo kila nyumba ya Lubumbashi inajua. Mwanafunzi wa kwanza anaandika hivi:

"Makala ni mbaya. Watu wanakata miti. Miti ni ya maana sana. Serikali ifanye kitu. Watu hawajali pori."

Hakuna uongo ndani yake. Lakini kila sentensi inaanzisha safari na hakuna hata moja inayofika. Sasa wa pili:

"Makala itaendelea kumaliza pori kandokando ya Lubumbashi kama familia hazipate njia nyingine ya kupika. Umeme unakatika mara nyingi, na hata nyumba yenye jiko la umeme inalazimika kuweka gunia la makala pembeni. Kwa mfano, mama anayerudi sokoni jioni na kukuta umeme haupo hawezi kuambia watoto wangoje mpaka usiku wa manane, anawasha mbabula. Kwa hiyo, kumkataza mchomaji wa makala peke yake hakutaokoa pori, maana anayemfanya achome ni mnunuzi wa mjini."

Sentensi ya kwanza inatoa wazo ambalo mtu anaweza kukataa. Hiyo ni alama nzuri, maana "makala ni mbaya" hakuna wa kuibishia na hakuna la kueleza. Ya pili inatoa sababu. Ya tatu inaleta mama, saa ya jioni na mbabula, na msomaji anaona jambo. Ya nne njo ngumu kuliko zote. Wanafunzi wengi hapo wanarudilia sentensi ya kwanza. Huyu amesonga mbele: ametoa jambo jipya ambalo lisingesemwa bila zile tatu.

Kisha paragrafu inayofuata inaweza kuanza na "wengine watasema". Mchomaji naye iko na watoto na hana kazi nyingine. Je, mzigo wote uwe wa mnunuzi? Mwanafunzi anayejiuliza hivyo ameanza kuchambua. Anayepanga paragrafu tatu zinazosema jambo moja bado yuko anahubiri.

Lugha gani ya kufikiria?

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zifundishwe na zitumiwe kufundishia. Lakini kwenye humanites, Kifaransa njo kinatawala, na disertasyo haiandikwe katika lugha nyingine.

Kwa hiyo mwanafunzi anapigana vita viwili kwa saa moja: kutafuta wazo, na kutafuta maneno. Mwalimu anaweza kuvitenganisha. Kwanza, dakika kumi za kusema kwa Kiswahili, hata Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe: wazo lako ni gani, juu ya nini, nani alifikiwa na jambo hilo, basi tufanye nini? Kila jibu linaandikwa kwa neno moja au mawili. Kisha Kifaransa kinaingia kwa kufuata njia ile ile: "kwa sababu" inakuwa car, "kwa mfano" inakuwa par exemple, "lakini" inakuwa cependant, "kwa hiyo" inakuwa donc.

Wazazi wengine hawatapenda. Wanatoa pesa ili mtoto ajue Kifaransa, na Kiswahili anacho tayari. Wasiwasi wao uko na msingi. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno anatoa Kifaransa kilichopinda, na dawa yake ni kusoma paragrafu nzuri za Kifaransa kila juma. Lakini mtu asiye na wazo lililopangwa hataokolewa na msamiati. Ataandika Kifaransa kizuri kisicho na kitu ndani.

Tena si kweli kwamba Kiswahili cha mji huu ni cha kusema tu. Mwaka 1965, chama cha watu waliokuwa wametumika katika nyumba za wazungu kilitoa historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa hapa. André Yav njo aliiandika. Haikufuata mpango wa shule, lakini watu ambao wakubwa wa mji hawakuwauliza kitu walitoa mawazo yao juu ya mji, kwa maandishi. Miaka 25 baadaye, mnamo 1990, mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, na watafiti wa nchi nyingi wanaisoma.

Hesabu ya mwalimu

Kuna sababu moja ambayo haisemwi sana: kusahihisha kunachokesha. Kalasi ya wanafunzi 60, kila mmoja ukurasa mmoja, dakika tano kwa kila karatasi, ni dakika 300, maana yake saa tano. Kwa kalasi moja tu. Mwalimu ambaye mshahara wake hautoshi, na ambaye mchana anatafuta kazi nyingine, hatafanya hivyo kila juma. Anatoa disertasyo moja kwa muhula, anarudisha karatasi zenye alama nyekundu kila mahali, na mwanafunzi anaangalia pointi tu.

Paragrafu inapunguza mzigo huo. Mistari sita inasomwa kwa dakika moja, na wanafunzi 60 wanamalizika kwa saa moja. Mwalimu akichagua daftari 15 kwa siku, kalasi yote inapita kwa siku nne. Na kila juma anasahihisha jambo moja: juma hili anaangalia mfano peke yake, juma lijalo ile sentensi ya mwisho. Makosa ya sarufi yanangoja zamu yao. Wanafunzi nao wanaweza kubadilishana daftari na kupiga mstari chini ya wazo la mwenzao. Wazo lisipoonekana, mwenye daftari anajua bila kuambiwa na mwalimu.

Watoto wa 2019 wako njiani

Jambo hili lina haraka. Elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019, na watoto wengi waliingia shuleni kwa wingi ambao madarasa hayakuutazamia. Walioanza mwaka wa kwanza wakati ule walifika mwaka wa saba Septemba 2025. Wasiporudilia kalasi, watakaa mbele ya Exetat mwaka 2031.

Sekondari haiko ya bure. Mzazi wa Luwowoshi, Kalebuka au Kisanga atalipa miaka sita mingine, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi iko mji huu huu, kwenye njia ya Kasapa. Shule ikingoja mwaka wa mwisho kufundisha kuandika, mtoto huyo atabaki na miezi michache ya kukariri. Ikianza mwaka wa saba, na paragrafu moja kila juma, kwa juma 30 tu za masomo kwa mwaka atakuwa ameandika paragrafu 180 mbele ya disertasyo yake.

Na si kwa mtihani tu. Barua ya wakaaji kwa burgomestre juu ya transfoma iliyokufa, malalamiko juu ya kiwanja kilichouzwa mara mbili, yote yanaomba wazo, sababu, ushahidi na jambo linalotakiwa. Hata habari inayozunguka kwenye WhatsApp, hasa siku hizi za vita katika Kivu, inaweza kupimwa vile vile: inasema nini, inategemea nini, nani aliona kwa macho yake? Mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kumuuliza mtoto wake maswali hayo leo jioni, kwa Kiswahili, kisha kumwambia: sasa andika vile umesema.