Picha za Kale za Nyasa: Madai Manne Yasiyosimama

Mwaka 1906 kilitoka Berlin kitabu cha daktari Friedrich Fülleborn kuhusu nchi ya Ziwa Nyasa na Ruvuma, pamoja na atlasi ya picha. Alikuwa amezunguka huku kati ya 1898 na 1900. Picha za enzi hiyo ni hazina, lakini zinasomwa vibaya.

Dai la 1: "Picha zinaonyesha nchi tupu, hapakuwa na watu."
Picha inaonyesha kile tu kilichokuwa mbele ya kamera. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, uvamizi wa Wangoni uliwabana Wamatengo, wenyeji wa nchi hiyo, kwenye miamba na miteremko mikali ya milima kama ya Litembo. Huko ndiko kilimo cha ngoro kilikoshamiri: majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika. Linabaki shimo lenye matuta pande zote, na maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuukokota udongo hadi bondeni. Ukisimama mbali, kazi yote hiyo huonekana kama nyasi za kilimani. Kutoonekana si kutokuwepo.

Dai la 2: "Anga jeupe lisilo na wingu ni dalili ya ukame."
Hapana. Vioo vya kupigia picha vya wakati ule vilikuwa vyepesi mno kuathiriwa na mwanga wa bluu. Anga liliungua na kuwa jeupe, mawingu yakapotea, na safu za milima ya mbali zikafifia. Hiyo ni tabia ya dawa iliyopakwa kwenye kioo, wala haituambii lolote kuhusu mvua.

Dai la 3: "Ufuko ulikuwa mpana, na sasa ndiyo mara ya kwanza ziwa kutumeza."
Nyasa hupanda na kushuka. Kufikia 1915 lilikuwa limeshuka kiasi kwamba maji yaliacha kutoka kupitia mto Shire, hali iliyodumu hadi 1935. Kufikia 1980 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 5. Ufuko mpana wa mwanzoni mwa karne ya 20 ni wa ziwa lililopungua. Anayejenga kwa kuutegemea anajenga mahali ambapo maji yana mazoea ya kurudi.

Dai la 4: "Ni picha za Wajerumani, hazituhusu."
Zinatuhusu kuliko mtu yeyote. Tatizo ni kwamba zimewekwa kwa majina yasiyo yetu. Liuli, bandari ya Ziwa Nyasa, iliandikwa Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wa bandarini unaofanana na sanamu ya sphinx. Anayetafuta picha za kale kwa jina la Liuli anaweza kuzikosa zote. Wala gharama si kisingizio: Fülleborn alifariki 1933, na miaka 70 ya hakimiliki ilikwisha zamani. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kimeweka kwenye intaneti mkusanyiko mkubwa wa picha za enzi ya ukoloni.

Basi tuzichape, tuwapelekee wazee wa Liuli na Litembo, tuandike nyuma ya kila moja jina la kilima, mwaka na mahali aliposimama mpiga picha. Shule za kata zinaweza kuianza kazi hii muhula huu, wakati wanaovijua vilima hivyo bado wapo.