Kebo Yapita Voi, Vijiji Vyabaki Pembeni

Oktoba 2023, wakazi wa St Helena waliagana na intaneti ghali ya setilaiti na kuanza kutumia ya faiba. St Helena ni kisiwa cha Uingereza kilicho peke yake katika Atlantiki Kusini, chenye watu wapatao 4,500, wachache mno kuliko wakazi wa mji wa Voi. Kebo ya Equiano, mali ya Google, ilikuwa inatoka Ureno kwenda Afrika Kusini na haikuwa na sababu ya kibiashara ya kugeukia huko. Umoja wa Ulaya ndio uliochangia gharama za tawi la zaidi ya kilomita 1,000 chini ya bahari.

Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, ilipo Voi, haihitaji kilomita elfu. Tangu kebo za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, data ya Nairobi na ya majirani wasio na bahari imekuwa ikipanda bara kupitia ukanda wa barabara kuu na reli, na Voi imo katikati ya ukanda huo. Mjini hapo mtu hutazama video bila kukwama. Akiacha lami na kuingia vijijini, mambo hubadilika.

Sehemu ya tatizo ni milima ya Taita yenyewe. Kilele cha Vuria, mita 2,208, kimebeba milingoti ya mawasiliano, lakini mawimbi ya simu hayapindi kona: bonde lililo nyuma ya ukingo hubaki kivulini, hata kama mlingoti uko juu tu ya kichwa cha mwenye shamba. Huko tambarare kuna tatizo jingine. Mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti, na watu wanaishi kwa mafungu yaliyotawanyika, kama kule Kasigau unakofika kwa kuiacha barabara kuu pale Maungu. Kampuni ya simu huhesabu wateja kabla ya kusimamisha mlingoti. Hesabu isipotoka, haiji.

Wakati huohuo serikali imehamishia maelfu ya huduma zake kwenye jukwaa la mtandaoni la eCitizen. Mzazi asiye na mtandao hulipa nauli ya bodaboda hadi saiba ili tu aombe cheti cha kuzaliwa. Na ndovu wakivamia mahindi usiku, familia inayotaka kuwaita askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) haiwezi kungoja kupambazuke huku simu ikiwa haina mtandao. Anayeliita hili suala la anasa hajalala karibu na Tsavo.

Wapo wanaosema teknolojia mpya italimaliza tatizo hili. Kenya imekwisha kuliona hilo: baluni za Loon zilianza kurusha intaneti Julai 2020 kwa ushirikiano na Telkom, na Januari 2021 mradi ukatangazwa kufungwa. Starlink, iliyoingia nchini Julai 2023, inafaa hoteli na shule yenye uwezo, ila bei ya vifaa vyake ni mzigo kwa mkulima wa mboga.

Sheria ililiona pengo hili mapema. Marekebisho ya 2009 ya sheria ya mawasiliano yalianzisha Hazina ya Huduma kwa Wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni huichangia sehemu ya mapato yao ya mwaka ili maeneo yasiyo na faida nayo yafikiwe. Kinachopotosha ni kipimo. Asilimia ya watu “waliofikiwa” huweza kumhesabu mtu wa bondeni ambaye lazima apande kilimani ndipo ujumbe utoke.

Serikali ya kaunti ifanye upimaji wake katika wadi zote 20, nyumba kwa nyumba, zahanati kwa zahanati, simu mkononi, kisha iipelekee Mamlaka ramani hiyo. Hapo ndipo zabuni za milingoti midogo ya sola, inayotumiwa na kampuni zote kwa pamoja, zitakapoanza na mabonde yaliyo chini ya Vuria na njia ya Kasigau, Hazina ikilipia kile ambacho wateja wachache hawawezi kukirudisha.