Mkulima wa Masama si mtoto wa chekechea

Pendekeza huku wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwamba kituo cha utafiti kiwaonyeshe wanakijiji filamu ya bunilizi ya kisayansi, uone jibu litakavyokuja mbio: watu wa kijijini wanataka vitu vya maana. Waonyeshwe kupogoa kahawa, kuchimba choo, kunawa mikono. Hayo ya roboti na sayari ni ya Wazungu na watoto wa mjini.

Wazo hili lina wazee wake. Mwaka 1935, huko Vugiri, Usambara, Meja Notcutt na wenzake walianza kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika. Hadi 1937 walishatoa kama 35, wakizizungusha kwa lori. Baadaye William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni cha Uingereza, akashikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole zisizo na ujanja wa kamera, asije akachanganyikiwa. Mkoloni akaondoka. Kanuni yake ikabaki, siku hizi imevaa fulana ya semina.

Anayeiamini aingie kibanda umiza cha video pale Boma Ng'ombe siku wanapoweka filamu ya The Terminator, mtafsiri akiunguruma juu yake. Vijana watabishana mpaka nje: inakuwaje mtu amtume mwenzake kurudi zamani, halafu huyo aliyetumwa ndiye awe baba yake? Wanachambua fumbo la wakati bila posho wala chai ya saa nne.

Sasa chukua filamu fupi ya Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Dakika ishirini na ushee, maneno machache. Vita vya maji vimepita, watu wamejifungia ndani, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena. Mhusika mkuu, Asha, anapata udongo, anatia mbegu, inachipua. Anatoroka nayo jangwani, anaipanda na kuimwagilia maji yake ya mwisho. Mtu aliyegombea zamu ya maji ya mfereji wa mfongo usiku, chini ya mlima uliopoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912, atashindwa kuelewa nini hapo? Wa kuelezwa labda ni yule wa mjini anayefungua bomba tu.

Na kituo kipo, wilaya hiihii. Lyamungo ilianza utafiti wa kahawa mwaka 1934, na huko ndiko inakotoka miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Aliyeanza kuchavusha maua kuitafuta miche hiyo alikuwa akiliwaza shamba ambalo halijakuwapo. Kazi yake yote ni "je, ikiwa?" Kwa nini basi mkulima apelekewe jibu peke yake, swali libaki maabara?

Kinachotakiwa ni ukumbi, projekta, shuka jeupe, na mtafiti mmoja wa kusimama mbele taa zikishawashwa. Nashuku hapo ndipo penye woga. Mtaalamu aliyezoea kuuliza "tumeelewana?" ataulizwa yeye, tena na bibi wa Masama, kama mlima huu utabaki na maji mjukuu wake akizeeka, na hatakuwa na kipeperushi cha kumgawia.