MASHIMO YAFUKIWE, NA SISI TUYAFUKIE



Mwezi uliopita nilikwenda likizo nyumbani Laare. Reli haifiki kwetu, huishia Nanyuki, kwa hiyo msafiri hushuka hapo akatafuta gari. Karibu na kwetu nilipita penye shimo la changarawe ya barabara nililolichimba mimi mwenyewe nilipokuwa kibarua, kabla sijaandikwa relini. Kazi ilipokwisha mkandarasi alipakia mitambo yake akaenda zake, nasi tulilipwa siku zetu tukafurahi. Shimo lingali wazi. Maji ya mvua yamejaa, watoto huogelea humo, na kila mvua ukingo humega kipande cha shamba la jirani pamoja na miraa yake. Jirani huyo aliniuliza, "Nyinyi watu wa chama, neno hili si lenu?" Siku ile sikuwa na jibu.

Wengine watasema chama ni cha mshahara na saa za kazi, mambo ya udongo tuiachie serikali. Twaona si hivyo. Mchimba mawe, mponda kokoto, dereva wa lori, na sisi tunaotandaza kokoto hizo chini ya mataruma, sote tu kazi moja. Mawe yakiisha kibarua huachishwa, na mara nyingi shimo analoliacha limo katika ardhi ya watu wake mwenyewe. Amepoteza mara mbili.

Tena mtu asidhani kwamba ardhi iliyochimbwa haiponi. Wenzetu wa Mombasa wamepaona Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kutoa saruji pale mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yakachimbwa mpaka karibu na maji ya chumvi yaliyo chini. Ukabaki uwanja mweupe usio na udongo hata wa kujaza karai. Mwaka 1971 bwana shamba wa kiwanda, Mswisi aitwaye René Haller, alianza kupanda. Alijaribu miti ya aina 26. Aina zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa kutoka Somalia. Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa, kwa kuwa mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani, basi huota hata penye jiwe tupu. Walakini majani yake yakianguka hayaozi upesi, yalirundikana tu. Wakaletwa majongoo! Wale majongoo wakubwa wenye miguu myekundu walikula majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. (Niliwaambia wenzangu wa genge kwamba huyo ndiye mfanya kazi asiyedai ovataimu. Hawakucheka sana.) Baadaye ikapandwa miti mingine, yakatengenezwa mabwawa ya samaki, na mwaka 1984 watu wakafunguliwa mlango wa kutembelea. Leo paitwa Haller Park, pana twiga na viboko.

Kwetu kazi ni nyepesi kuliko ile. Udongo wa Nyambene ni wa volkano, na mvua tunayo. Linalotakiwa ni kufikiri kabla ya kuchimba. Udongo wa juu ukwanguliwe kwanza uwekwe kando kwa fungu lake, usichanganywe na changarawe wala usizikwe chini. Kazi ikiisha, kuta za shimo zikatwe ziwe mteremko, kifusi kirudishwe, udongo ule utandazwe juu, mifereji ichimbwe kukata mteremko, kisha yapandwe majani ya kushika udongo, na baadaye muringa na mgrivea. Shimo letu la Laare halikufanyiwa hata moja katika hayo. Udongo wa juu tuliutupa bondeni, na mto ukauchukua.

Sheria ipo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yamtaka mwombaji wa leseni ya kuchimba alete mpango wa kuitengeneza ardhi tena, na aweke dhamana. Lakini shimo letu lilichimbwa kwa mapatano ya mdomo kati ya mwenye shamba na mwenye lori, na mapatano ya mdomo hayana dhamana.

Kwa hiyo neno hili litaletwa katika mkutano wa tawi: kila mkataba wa kokoto au changarawe uwe na kifungu cha kufukia, na kazi ya kufukia wapewe vibarua wale wale waliochimba, kwa mshahara ule ule, kabla ya kuachishwa. Matajiri watasema kokoto zitapanda bei. Kweli zitapanda kidogo. Hivi sasa bei hiyo analipa jirani yangu kwa miraa yake.

Mwanachama anayejua shimo lililoachwa wazi aandike mahali lilipo, upana wake na kina chake kwa hatua au futi, na kama lina maji, ampe karani wa tawi kabla ya siku ya mkutano. La Laare nimekwisha kuliandika.